Yabisi

Kadi ilikufa Jumanne,
kati ya umeme kukatika mara ya pili na ya tatu.
Ndogo kama ukucha wa kidole gumba,
ilimeza hesabu za asali za miezi minne
kisha ikanyamaza.
Niliipuliza. Niliifuta kwa upindo wa shati.
Nikaichomeka, nikaichomoa, nikaichomeka tena
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Kompyuta yenyewe ni kibao kimoja tu cha kijani,
kinaenea ndani ya kopo la siagi
nililolitoboa kwa msumari wa moto lipate kupumua.
Majirani wa Isevya huiita redio ya Kazimili.
Haiimbi. Inajua tu
nani kaleta ndoo ngapi kutoka Sikonge,
nani kakopa, na asali ya nani
ina maji yaliyoingia yenyewe.

Kwa Masudi fundi simu kulikuwa na mpakato uliopasuka kioo,
wa karani mmoja wa tumbaku aliyehamishiwa Mpanda.
Tukaupasua tumbo.
"Chukua hii," akasema, "haina sahani ya kuzunguka,
haina sindano, ikidondoka unaiokota.
Diski yabisi. Elfu thelathini,
adapta nakupa kwa heshima ya mama yako."

Mama alisikia neno moja.
"Yabisi?" Akashika magoti yake yote mawili.
"Mimi ninayo bure tangu masika ya mwaka juzi,
wewe umekwenda kuinunua?"

Sikujibu. Nilikuwa chini ya meza na waya.
Taa nyekundu. Taa nyekundu. Giza.
Chaja ya simu haikutosha,
mgeni huyu anakula kuliko mwenyeji.
Nikaazima ya Nyanjige, ampea tatu,
nikaacha kebo ndefu nikachukua fupi,
na saa nne usiku, garimoshi likipiga honi stesheni,
taa ya kijani ikapepesa
kama mtu aliyeulizwa jina lake akalikumbuka.

Ndani, karani alikuwa bado anaishi.
Uzito wa marobota. Barua ya kuomba likizo.
Picha ya mtoto amevaa viatu vya baba.
Kibao kikauliza: nifute vyote?
Nikampigia Masudi, Masudi akampigia karani,
karani akasema mtoto huyo sasa anavaa namba arobaini na mbili,
nitumieni picha, mengine teketezeni.
Nikaituma. Nikabonyeza ndiyo.
Haikuchukua hata muda wa kufunua sufuria.

Tukabaki na ghala lililofagiliwa,
pana, na hakuna cha kutia.
"Mali bila daftari," nikaanza,
mama akanikata: "Nani alikufundisha hiyo?
Vuta kigoda. Andika."
Akafumba macho.

Mei, tarehe tatu. Mwashi, ndoo mbili na robo,
ile robo ni masega.
Kabula, moja, anadaiwa kifuniko.
Siku ya msiba wa Kapela hakuna aliyekuja.
Nyanjige, tano, lakini ya tano ina maji.
Usiandike maji, katuazima chaja. Andika nne.

Alikwenda hivyo, kiganja kikisugua goti,
na mimi nyuma yake nachapa, nakosea,
namwomba arudie Juni.
Yeye harudii Juni nzima,
hurudi palepale nilipoangusha, kama sindano na uzi.

Julai, umeme ukakatika.
Mama hakufumbua macho, hakujua.
Aliendelea gizani, ndoo juu ya ndoo,
na mimi nikapapasa kalamu,
nikaandika juu ya boksi la adapta, juu ya kiganja,
mistari ikipandana.

Uliporudi, kopo lilikohoa, likawaka.
Akageuza uso upande wa mwanga.
"Imekumbuka?"
"Imekumbuka mpaka Julai tisa."
"Haya," akasema. "Julai kumi."